Mruko wa maji katika mifereji na mito: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa uhandisi wa maji, mafundi wa skimu za umwagiliaji, na yeyote aliyewahi kusimama juu ya utoro wa bwawa (njia ya kumwagia maji ya ziada) wakati wa masika akashangaa kuona maji yaliyokuwa yakiteremka kwa kasi, laini na yenye kina kidogo, yanainuka ghafla, yanatoa povu na mngurumo, kisha yanaendelea na safari yake kwa utulivu. Hesabu zimewekwa pale tu zinapohitajika, na mfano mmoja wa namba umetumika kuanzia mwanzo hadi mwisho ili msomaji aweze kuufuatilia.

Mruko wa maji ni nini hasa?

Ni badiliko la ghafla la mtiririko katika mfereji ulio wazi, yaani mfereji, mto au bomba lisilojaa, ambamo uso wa maji unagusana na hewa. Maji yanayoingia katika mruko yana kasi kubwa na kina kidogo. Yanayotoka yana kasi ndogo na kina kikubwa. Kati ya hali hizo mbili kuna eneo fupi lenye msukosuko mkali, ambalo tabaka lake la juu hujiviringisha na kurudi nyuma kuelekea maji yanakotoka, huku mkondo wa kasi ukipita chini yake ukikwaruza sakafu. Ukiutazama kwa muda utaona kwamba ukingo wa mbele wa povu hucheza mbele na nyuma kwa kiasi kidogo, lakini hauondoki mahali pake, ingawa maji yenyewe hayaachi kupita.

Kwa nini maji yasipande taratibu, badala ya kuinuka kwa mkupuo?

Kwa sababu maji ya kasi hayapati habari za kilichoko mbele yake. Katika maji yanayotiririka polepole, kizuizi chochote kilichoko upande wa chini hutuma mawimbi madogo yanayopanda dhidi ya mkondo, na mtiririko hujirekebisha mapema: kina huongezeka kidogo kidogo kabla ya kukifikia kizuizi. Mtiririko unapokuwa na kasi inayozidi ile ya mawimbi hayo, mawimbi hayawezi kupanda, yanasombwa yote. Kwa hiyo maji hukimbia bila kubadilika hadi yanapokutana na maji ya kina kikubwa na ya polepole, na marekebisho yote yaliyopaswa kufanyika katika umbali mrefu hufanyika hapo hapo.

Jambo hili linaweza kuthibitishwa kwa kijiti. Kichomeke wima katika mfereji wenye maji ya polepole, nawe utaona vijiwimbi vikisambaa pande zote, na baadhi yake vikielekea juu ya mfereji. Kichomeke katika maji yanayoteremka kwenye zege lenye mteremko mkali, nawe utaona mistari miwili tu inayotanuka kuelekea chini, wakati upande wa juu wa kijiti uso wa maji haujaguswa kabisa. Mhandisi mwenye jicho zuri hutambua aina ya mtiririko kwa njia hii kabla hata hajafungua daftari.

Badiliko la kinyume, kutoka maji ya polepole kwenda maji ya kasi, halina vurugu hii. Maji yanayovuka ukingo wa utoro huongeza kasi na kupunguza kina kwa mkunjo laini, na hupoteza nishati kidogo sana.

Namba ya Froude ni nini, na inatuambia nini?

Ni uwiano kati ya kasi ya maji na kasi ya wimbi dogo katika kina hicho. Kwa mfereji wenye umbo la mstatili huandikwa F = V / √(g·y), ambapo V ni kasi ya maji, g ni mvutano wa ardhi (9.81) na y ni kina. Imepewa jina la William Froude, mhandisi Muingereza aliyeishi kati ya mwaka 1810 na 1879 na kujulikana zaidi kwa majaribio yake ya modeli za meli. Namba ikiwa chini ya 1, mtiririko ni tulivu. Ikiwa juu ya 1, mtiririko ni wa kasi, na mruko unaweza kutokea. Ikiwa 1 kamili, maji yako katika kina cha mpito.

Namba ya Froude ya maji yanayoingia ndiyo inayoamua tabia ya mruko. Kati ya 1 na takriban 1.7 hakuna mruko wa kweli, bali mfululizo wa mawimbi yaliyosimama. Kati ya 1.7 na 2.5 mruko ni dhaifu, na uso wake hutoka karibu laini. Kati ya 4.5 na 9 mruko hutulia mahali pamoja, ukiwa na umbo zuri, nao ndio wahandisi wanaoupenda. Zaidi ya 9 mruko huwa mkali, hupoteza nishati nyingi sana, lakini hurusha maji na kutikisa kila kilicho karibu nao.

Nimeliacha kwa makusudi kundi la kati ya 2.5 na 4.5, kwa kuwa ndilo lenye usumbufu mkubwa kuliko yote. Hapa mkondo wa kasi haujui ukae wapi: mara hupita chini karibu na sakafu, mara huibuka juu, na kila unapoibuka huzaa wimbi linaloweza kusafiri mbali sana katika mfereji na kula kingo za udongo. Kwa bahati mbaya, mabanio ya mito (kuta fupi zinazozuia na kuinua maji) na maporomoko madogo ya mifereji ya umwagiliaji, ambako maji huanguka kutoka urefu mdogo, mara nyingi huangukia katika kundi hili. Fundi anayelalamika kwamba kingo za mfereji wake zinabomoka mbali na lango la maji, mahali ambapo kasi ni ndogo, angefaa kwanza aikokotoe namba ya Froude pale langoni.

Kina cha maji baada ya mruko hukokotolewaje?

Kwa mfereji wa mstatili wenye sakafu tambarare, kanuni ni hii:

y2 = (y1 / 2) × (√(1 + 8·F1²) − 1)

ambapo y1 ni kina kabla ya mruko, F1 ni namba ya Froude ya maji yanayoingia, na y2 ni kina baada ya mruko. Vina hivi viwili huitwa vina wenza, maana kila kimoja kina mwenzake mmoja tu.

Tuchukue maji yanayofika chini ya utoro yakiwa na kina cha mita 0.5 na kasi ya mita 10 kwa sekunde. Kila mita moja ya upana inapitisha mita za ujazo 5 kwa sekunde. Namba ya Froude ni 10 gawanya kwa 2.21, yaani takriban 4.5. Ukiiweka katika kanuni utapata y2 ya takriban mita 2.95, na kasi mpya itakuwa 5 gawanya kwa 2.95, yaani mita 1.7 kwa sekunde. Maji yaliyokuwa yakikimbia kwa kilomita 36 kwa saa sasa yanakwenda mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka.

Kanuni hiyo ilitoka wapi? Kwa nini haitumii uhifadhi wa nishati?

Giorgio Bidone alifanya majaribio ya mruko huko Turin, Italia, na kuyachapisha mwaka 1820. Miaka michache baadaye, mwaka 1828, Mfaransa Jean-Baptiste Bélanger alijaribu kuyaeleza kwa hesabu akitumia nishati, na majibu yake hayakukubaliana na vipimo. Baadaye mwenyewe aliigeuza njia hiyo na kutumia momenta (zao la tungamo na kasi), na kanuni aliyoipata ndiyo hiyo iliyoandikwa hapo juu, ambayo mpaka leo hubeba jina lake.

Sababu ya kuiacha nishati ni rahisi kuieleza. Ndani ya mruko nishati inapotea kwa kiasi ambacho hukijui kabla ya kukokotoa, hivyo huwezi kuandika mlinganyo wa nishati bila kuacha kiasi kimoja kisichojulikana. Momenta hubadilika tu kwa nguvu zinazotoka nje, na kwenye sakafu tambarare nguvu hizo ni shinikizo la maji pande mbili za mruko pamoja na msuguano mdogo wa sakafu, ambao katika umbali mfupi namna hii unaweza kupuuzwa. Ukishapata y2 kwa momenta, ndipo unaporudi kwenye nishati na kuuliza ni kiasi gani kimepotea. Mwanafunzi anayeanza na nishati hupata jibu linaloonekana safi na ambalo si la kweli, na makosa haya huonekana katika karatasi za mitihani kila mwaka.

Nishati inayopotea ni kiasi gani, na inakwenda wapi?

Katika mfereji wa mstatili, upotevu ukipimwa kwa mita za maji (yaani urefu ambao nishati hiyo ingeweza kuyainua maji yenyewe) ni (y2 − y1)³ / (4·y1·y2). Kwa mfano wetu ni takriban mita 2.5, kati ya mita 5.6 zilizokuwapo kabla ya mruko, yaani asilimia 45 hivi. Namba ya Froude inapokuwa kubwa zaidi upotevu hupanda. Kwenye mruko ulio juu ya 9 unaweza kufika hata asilimia 85.

Mita 2.5 zinaweza kuonekana kidogo. Zizidishe kwa uzito wa maji na kwa mita za ujazo 5 kwa sekunde, utapata kilowati 122 kwa kila mita ya upana. Utoro wenye upana wa mita 20 ungekuwa unapoteza takriban megawati 2.4, usiku na mchana, mradi maji yanapita. Nishati hii kwanza huwa mizunguko mikubwa ya maji, ambayo huvunjika kuwa midogo na midogo zaidi, mpaka mnato wa maji unapoigeuza kuwa joto. Wengi hutarajia kwamba maji yatatoka ya uvuguvugu, lakini sivyo: maji ni hodari wa kubeba joto, na katika mfano huu yangepanda kwa chini ya sehemu moja ya mia ya nyuzi moja ya sentigredi. Hakuna kipimajoto cha kawaida kitakachoona tofauti.

Umuhimu wake kihandisi ni upi?

Maji yanayoteremka kutoka bwawani yana nishati ambayo ni lazima itumike mahali fulani. Mhandisi hana mamlaka ya kuifuta. Ana mamlaka ya kuchagua mahali itakapotumika. Akichagua vizuri, itatumika juu ya sakafu ya zege iliyojengwa kwa kazi hiyo. Asipochagua, mto utamchagulia, na kwa kawaida huchagua udongo ulio chini ya msingi wa ukuta wake. Karibu kila swali linalofuata ni sura nyingine ya jambo hilo moja.

Ni nani waliotumia mruko kwa makusudi kwa mara ya kwanza katika mradi mkubwa?

Mfano wa mwanzo unaojulikana zaidi ni wa bonde la mto Miami katika jimbo la Ohio, Marekani. Mwezi Machi 1913 mafuriko yaliukumba mji wa Dayton na miji jirani, na watu zaidi ya 360 wakafariki. Wakazi waliunda chombo cha kusimamia mto, kikaitwa Miami Conservancy District, chini ya mhandisi Arthur Morgan, ambaye mwaka 1933 alikuja kuwa mwenyekiti wa kwanza wa Tennessee Valley Authority, shirika la serikali la kuendeleza bonde la mto Tennessee.

Mpango wao ulikuwa wa ajabu kwa wakati ule: mabwawa matano ambayo siku za kawaida hayana maji. Kila tuta lina njia za zege chini yake ambazo hazina lango. Mto hupita humo kwa uhuru, na mafuriko yanapokuja njia hizo hupitisha kiasi ambacho mji wa chini unaweza kukihimili, huku ziada ikijikusanya nyuma ya tuta. Lakini bwawa likijaa, maji yanayotoka katika njia zile huwa na kasi ya kutisha, na hakuna lango la kuyapunguza. Ilibidi mruko uwe mlinzi wa tuta. Wahandisi wa mradi walifanya majaribio ya modeli na kuchapisha taarifa yake mwaka 1917, na mabwawa yakakamilika mwaka 1922. Mpaka leo yanafanya kazi, na hayana mtambo wowote unaohitaji kuwashwa usiku wa mvua, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo sifa yake kubwa kuliko zote.

Beseni la kutulizia maji ni nini?

Ni sakafu nene ya zege, yenye kuta pembeni, inayojengwa mwishoni mwa utoro au chini ya lango la maji ili mruko utokee ndani yake. Mruko wa bure, usio na msaada wowote, una urefu wa takriban mara 6 ya kina y2, hivyo katika mfano wetu tungehitaji sakafu ya karibu mita 18. Zege ni ghali, na ndiyo maana wabunifu wengi hutafuta namna ya kuufupisha.

Shirika la serikali ya Marekani la Bureau of Reclamation lilifanya majaribio mengi katika miaka ya 1950, na mabeseni yaliyotokana na kazi hiyo bado hutumika duniani kote kwa kutajwa kwa namba za Kirumi. Aina ya III ina safu ya meno ya zege pale maji yanapoingia, safu ya vigingi vya zege katikati, na kizingiti kifupi mwishoni. Vigingi hupokea pigo la maji na kusaidia kuyasimamisha, na urefu hushuka hadi takriban mara 2.7 ya y2. Aina hii hufaa kwa kasi isiyozidi takriban mita 15 hadi 18 kwa sekunde. Juu ya hapo, shinikizo nyuma ya vigingi hushuka kiasi cha maji kugeuka mvuke, na viputo vya mvuke huo vinapovunjika huchimba zege kidogo kidogo mpaka nondo zinaonekana. Kwa mabwawa marefu, basi, hutumika aina ya II, isiyo na vigingi vya katikati na yenye kizingiti chenye meno mwishoni. Aina ya IV imetengenezwa kwa lile kundi sumbufu la kati ya 2.5 na 4.5.

Itakuwaje kina cha maji upande wa chini kisipolingana na y2?

Hili ndilo swali linalostahili muda mrefu kuliko mengine, na ndilo linalosahaulika mara nyingi. Kanuni hutoa kina ambacho mruko unakihitaji. Kina kilichopo kweli hutegemea mto wenyewe: upana wake, mteremko wake, ukwaruzo wa kitanda chake na kiasi cha maji ya siku hiyo. Hakuna sababu ya viwili hivyo kulingana kwa bahati.

Kina cha mto kikiwa kidogo kuliko y2, maji ya upande wa chini hayana nguvu ya kuuzuia mkondo wa kasi, na mruko husukumwa nje ya beseni. Chukua mfano wetu na useme mto una kina cha mita 2.2 badala ya 2.95. Maji yatapita juu ya sakafu yote ya zege yakiwa bado na kasi ya karibu mita 10 kwa sekunde, yataruka kizingiti cha mwisho, na mruko utatokea juu ya changarawe ya mto. Shimo litaanza kuchimbika mara tu baada ya zege, litapanuka kurudi nyuma chini ya sakafu, na sakafu itabaki ikining'inia mpaka ivunjike kwa uzito wake. Tiba ya kawaida ni kuishusha sakafu ya beseni chini ya kitanda cha mto kwa kiasi kinachopungua, pamoja na ziada kidogo ya usalama, au kujenga kizingiti kinachoinua maji.

Kina kikiwa kikubwa kuliko y2, mruko husukumwa kurudi juu kwenye mteremko au hufunika kabisa lango la maji, na huitwa mruko uliozama. Uso wa juu huonekana karibu mtulivu, kumbe chini yake mkondo wa kasi unapita mbali bila kuvunjika vizuri. Nishati inayopotea hupungua, ingawa beseni halimo katika hatari ya haraka. Ziada ndogo haina neno na hata hutafutwa. Ziada kubwa huharibu kazi.

Ugumu wa kweli ni kwamba vina vyote viwili hubadilika kadiri maji yanavyoongezeka, na havibadiliki kwa mwendo mmoja. Beseni linaloridhisha kwa mafuriko makubwa kabisa linaweza kushindwa kwa mtiririko wa robo yake. Mchoro wenye mistari miwili, mmoja wa y2 na mwingine wa kina cha mto kwa kila kiasi cha mtiririko, ndio karatasi ya kwanza ambayo ningeomba kuonyeshwa na mbunifu yeyote. Tena mistari hiyo haikai milele: watu wakichimba mchanga mtoni upande wa chini, kitanda hushuka, kina cha mto hupungua, na beseni lililokuwa sahihi siku ya uzinduzi hugeuka kuwa pungufu bila mtu kuligusa.

Kwa nini sakafu nene ya zege hung'oka wakati iko chini ya uzito wa maji?

Kwa sababu shinikizo ndani ya mruko halitulii. Hupanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde, na linapopanda huingia kupitia maungio kati ya vibamba na kusambaa chini yake. Ikitokea kwamba juu ya kibamba shinikizo limeshuka wakati chini yake limepanda, kibamba hunyanyuliwa. Katika bwawa la Malpaso huko Meksiko, vibamba vya beseni vyenye uzito wa mamia ya tani kila kimoja viling'olewa na kusukumwa chini kwa namna hiyo mnamo mwaka 1970. Baada ya hapo wabunifu waliacha kukadiria unene wa sakafu kwa uzito wa wastani wa maji pekee. Hutumia nondo za kufunga vibamba kwenye mwamba, huziba maungio, na huweka mifereji ya kutoa maji chini ya sakafu.

Je, mabwawa yote hutumia mruko?

La. Mahali penye mwamba imara na bonde jembamba, wabunifu wengi huyarusha maji hewani yaangukie mbali katika dimbwi la kina. Kariba, kwenye mto Zambezi kati ya Zambia na Zimbabwe, ni mfano ulio karibu nasi. Bwawa lilikamilika mwaka 1959 likiwa na malango sita yanayomwaga maji kwa kuyarusha, bila beseni la zege chini. Kwa miongo michache maji yalichimba mwamba hadi kina cha takriban mita 80 chini ya kitanda cha asili, na shimo likaanza kuelekea msingi wa ukuta. Kazi ya kulitengenezea shimo hilo umbo jipya, ili mkondo uelekezwe mbali na ukuta, ilianza mwaka 2017.

Mruko una matumizi gani mengine?

Yapo kadhaa. Katika mitambo ya kusafisha maji, msukosuko wa mruko mdogo hutumika kuchanganya shabu na maji ghafi kwa sekunde chache, bila mota wala umeme. Katika upimaji wa mtiririko, mruko unaotokea upande wa chini wa mfereji wa kupimia, kama ule uliobuniwa na Ralph Parshall huko Colorado katika miaka ya 1920, ni dalili kwamba maji ya chini hayaingilii kipimo, na kwamba kina kimoja kinachosomwa upande wa juu kinatosha. Katika mifereji ya umwagiliaji mruko huinua uso wa maji na kuwezesha mashamba ya pembeni kupata maji.

Hewa inayomezwa huongeza oksijeni katika mto, jambo jema kwa viumbe. Ila mabeseni marefu kwenda chini huweza kuzidisha: katika mto Columbia, Marekani, viputo vilivyosukumwa kina kirefu viliyajaza maji gesi kupita kiasi na kuwadhuru samaki aina ya samoni, hata ikalazimu matoro yafanyiwe mabadiliko ili mkondo ubaki juu juu.

Mruko unaoonekana kwenye sinki ni uleule?

Ule mduara unaozunguka mahali maji ya bomba yanapogonga sinki ni mruko pia, na Lord Rayleigh aliuandikia mwaka 1914. Hata hivyo tabaka lake ni jembamba mno, kiasi kwamba mnato na mvutano wa uso wa maji vina sauti kubwa, na wataalamu bado wanabishana kuhusu mchango wa kila kimoja. Usiitumie sinki kuhakiki kanuni ya Bélanger. Jamaa wa karibu zaidi ni wimbi la maji kujaa linalopanda mto, kama la Qiantang nchini China au la Severn nchini Uingereza: huo ni mruko unaotembea.

Ni salama kuogelea au kuvua samaki karibu na mruko?

Hapana, na mruko uliozama ndio wenye hatari kubwa zaidi, kwa kuwa hauonekani wa kutisha. Chini ya banio fupi, ambalo mtu mzima angeweza kulikanyaga na kuvuka, maji ya juu hurudi kuelekea ukutani badala ya kwenda chini ya mto. Angalia gogo lililonaswa hapo: huenda mbele, huzamishwa na maji yanayoanguka, huibuka, hurudishwa tena ukutani, na huweza kuzunguka hivyo kwa saa nyingi. Mtu hufanyiwa vivyo hivyo, na maji yaliyojaa hewa hayambebi vizuri. Waokoaji wasiofundishwa huzama pamoja na wale waliowafuata. Tumia kamba ukiwa ukingoni, usiingie.

Ninasimamia banio dogo au kalavati la barabara. Nikague nini?

Nenda wakati maji ni mengi, simama mahali salama, na utazame povu linaanzia wapi. Likianza juu ya sakafu ya zege na kwisha kabla ya ukingo wake, muundo unafanya kazi. Likianza baada ya zege, tayari una shimo hata kama hulioni. Piga picha ukiwa mahali palepale kila msimu, na uandike kina cha maji upande wa chini.

Rudi wakati wa kiangazi na uchukue upondo au nondo ndefu. Choma chini ya ukingo wa sakafu upande wa chini: nondo ikiingia kwa urahisi, udongo umekwisha kuondoka. Gonga zege kwa nyundo kuanzia ukingoni kurudi nyuma, na uweke alama kwa chaki pale mlio mtupu unapoishia na mlio mzito unapoanzia, kwa kuwa hapo ndipo uwazi ulio chini ya sakafu unapokoma. Kujaza shimo kwa mawe madogo hakusaidii. Msimu unaofuata yatakuwa yamesombwa. Mawe makubwa au gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe) zilizofungwa vizuri, zikiwekwa juu ya tabaka la changarawe linalozuia udongo kunyonywa, hudumu zaidi. Ikiwa kitanda cha mto kimeshuka, hata hizo ni za muda, na kizingiti kipya upande wa chini, kinachorudisha kina ambacho mruko unakihitaji, ndicho kitakachoukaribisha tena mruko juu ya zege.